Jina lako liandikwe kabla ya kupanda



Mwezi wa kumi na mbili unakaribia na mvua imeshaanza kupiga. Ni wakati ambapo wengi wetu hapa Kolwezi tunaomba konji kwenda kuona wazazi. Mwenye wazazi wake wako Malemba-Nkulu ao Kikondja atashuka mpaka Bukama, kisha atatafuta boti juu ya Lualaba. Mwenye wake wako Moba atapita Kalemie na kuingia ziwa Tanganyika. Wengine hawataenda mbali: watavuka ziwa Nzilo na mtumbwi kwenda shamba ao kutafuta samaki.

Mtu anaweza kuuliza: sendika ya wachimbaji inatafuta nini kwenye mambo ya boti? Tunajibu hivi. Kwanza, wale wanaokufa ndani ya maji ni watu wetu. Pili, tumesoma habari za ajali nyingi za boti, hapa kwetu na kwa majirani, na kila mara tulikuta mambo yale yale tunayoyaona kazini. Boti haizami katikati ya ziwa. Inazama kwenye kivuko, wakati wa kupakia, na watu wote wanaangalia.

Tuanze na boti moja ambayo haikuzama.

Kuko kamarade wetu mmoja, mtu wa umri, ambaye miaka michache iliyopita alikuwa anaenda kilio cha mukubwa wake. Alipofika kwenye kivuko alikuta balenyeri imejaa: mifuko ya unga, mapipa ya mazuti, mbuzi, vitanda, na watu juu ya mifuko. Kati ya maji na mdomo wa boti kulibaki upana wa mkono mmoja. Alikuwa ameshalipa. Akashuka. Watu wakamcheka: «Papa, weye muchimbaji! Unaingia chini ya udongo kila siku, na maji unaogopa?» Alingoja siku mbili boti ingine, akakuta wameshazika. Ile balenyeri ilifika salama, na mpaka leo jamaa yake wanamsema.

Wengi wanasikia hii habari na kusema kamarade alikosea. Sisi tunasema hapana. Ile boti kufika salama njo shida yenyewe. Mwenye boti alijifunza kwamba mzigo ule unawezekana, na safari ya kufuata ataongeza mifuko kumi. Wasafiri nao walijifunza kwamba kelele za mzee hazina maana. Hivi njo mambo yanaendelea, mara kumi, mara makumi tano, mpaka siku upepo unakuja na ule upana wa mkono hauko tena. Halafu redio inasema: upepo mukali umezamisha boti. Upepo ulikuwa paka wa mwisho kufika.

Bakamarade wa chini ya udongo wanajua hii hesabu. Wiki nzima mnafanya kazi pasipo kufunga vizuri dari ya galeri, na hakuna kitu kinaanguka. Kapita anasema: «Munaona? Jana mulisema itaanguka.» Siku haikuanguka, hatukupata akiba. Tulikopa, na deni liko pale.

Maji yametufundisha nini

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti MV Merdi ilitoka Minova kwenda Goma juu ya ziwa Kivu. Ilikuwa karibu kufika kwenye kivuko cha Kituku. Watu walikuwa wamesimama ng'ambo wanangoja jamaa zao, na waliiona kwa macho yao ikilala upande na kuzama. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Minova na kila mtu alikuwa anatafuta nafasi kwenye maji. Siku ile ile guvernere wa Kivu Kusini alisema boti ilibeba watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Kisha namba zilibadilika, zikabadilika tena. Juu ya nini? Tutarudia jambo hili.

Mwezi wa kumi na mbili 2014, mwezi huu huu wa sikukuu, MV Mutambala ilizama ziwa Tanganyika, upande wa Katanga yetu ya wakati ule. Zaidi ya watu 120 walikufa. Mzigo mingi, upepo: maneno ni yale yale.

Mwezi wa tano 2019, kwenye ziwa Mai-Ndombe, boti ilizama na watu zaidi ya 30 wakafa. Kati ya wasafiri kulikuwa walimu wengi. Walikuwa wanaenda wapi? Kupokea mshahara wao Inongo, kwani barabara ni mbaya na pesa haziwafikii kule wanafundisha. Bakamarade, tusome hii habari mara mbili. Mfanyakazi alimaliza kazi yake, na ili apate jasho lake ilibidi apande chombo kibovu. Kama mshahara ungemfikia pale anafanya kazi, angekuwa hai. Njo maana sisi hatutenganishi mambo ya mshahara na mambo ya usalama.

Majirani zetu wa Tanzania nao wamelia sana. Tarehe 10 mwezi wa tisa 2011, meli MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 645. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba ilibeba 2,470, na waliokufa ao kupotea walikuwa 1,573. Siku za kwanza watu waliambiwa waliokufa ni karibu 200. Mamia na mamia ya watu hawakuhesabiwa wakiwa hai, na walikaribia kukosa kuhesabiwa wakiwa wamekufa.

Na tarehe 20 mwezi wa tisa 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara. Ruhusa ilikuwa watu 101, walikufa 228. Ilikuwa siku ya soko. Kivuko kilikuwa kimebakiza mita makumi chache kufika, na watu walisukumana upande mmoja ili washuke wa kwanza. Chombo chenye mzigo wa kadiri kinaweza kuvumilia watu wakihama upande. Chombo kilichojaa kupita kipimo hakivumilii. Wote waliona nchi kavu.

Wa klasi ya tatu

Turudie sasa swali letu: juu ya nini namba za maiti zinabadilika kila mara? Jibu ni fupi. Hakuna listi.

Tuangalie MV Bukoba, tarehe 21 mwezi wa tano 1996, ziwa Victoria. Meli ilitoka Bukoba, ikapita Kemondo, ikazama wakati ilikuwa inakaribia Mwanza. Hesabu inayotajwa sana ni watu 894 waliokufa. Ruhusa ya meli ilikuwa karibu watu 430. Wasafiri wa klasi ya kwanza na ya pili walikuwa na listi. Wa klasi ya tatu, wale wa tikiti ya bei ndogo, hawakuandikwa. Walipanda hivi hivi, wakafa hivi hivi, na jamaa walikaa Mwanza siku nyingi wakiuliza kama mtu wao alikuwa ndani ao hapana.

Tuliposoma hii, tuliangaliana. Kwani hata hapa Kolwezi kuko klasi ya tatu.

Kampuni kubwa ziko na wafanyakazi wa kontra ya kweli: baji, jina kwenye computa, jina CNSS. Hao ni klasi ya kwanza. Kisha kuko watu wa sous-traitance, wanaokuja na basi ya kampuni ndogo, leo huyu, kesho yule, na mara ingine baji moja inabebwa na watu wawili. Na kisha kuko ndugu zetu wachimbaji wa mikono, wanaoingia kwenye shimo alfajiri na hakuna mtu anaandika ni nani ameingia.

Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, kwenye machimbo ya Kalando, Mulondo, hapa Lualaba, daraja lililotengenezwa haraka haraka juu ya mfereji uliojaa maji lilianguka. Wakubwa wa jimbo walitaja watu wasiopungua 32 waliokufa. Kuingia pale kulikuwa kumekatazwa juu ya mvua na hatari ya udongo kuanguka. SAEMAPE iliandika kwamba milio ya risasi ya wanajeshi ndiyo ilileta woga, watu wakakimbilia daraja wote pamoja wakaanguka wamelaliana. Hapo hapakuwa boti, lakini watu walikufa kifo cha boti: chombo kidogo, watu mingi, woga, wote upande mmoja, maji chini. Na kama kwenye boti, siku zilizofuata namba zilibishaniwa. Tuliyaona haya hata 2019 kwenye machimbo ya KOV, galeri zilipoanguka: serikali ya jimbo ilitaja watu 43, na kwenye kata zetu watu waliendelea kubishana.

Tusinyooshe kidole kwa wengine tu. Sisi wa sendika pia tulikosa. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kampuni moja ambayo delege wetu walikuwa wanafanya kazi, kijana wa sous-traitance aliumia usiku na akafa njiani kwenda hospitali. Wote walimwita Petit. Tulikula naye, tulicheka naye. Asubuhi tulitaka kwenda kwa jamaa yake kutoa habari, tukakuta kwamba hakuna mmoja kati yetu anajua jina lake lote. Baji aliyovaa ilikuwa ya mtu mwingine. Kampuni kubwa ikasema si wa kwetu, kampuni ndogo ikasema aliingia siku tatu tu na karatasi hazijatengenezwa. Tulizunguka mji siku tatu, kata kwa kata, tukibeba picha moja ya telefone. Mama yake tulimkuta sokoni anauza mboga. Alikuwa anafikiri mtoto wake anafanya kazi ya usiku mfululizo.

Ule mama hakupata kitu CNSS. Ili jamaa ipate haki, lazima kwanza mfanyakazi awe ametangazwa. Na sisi, listi yetu ya sendika ilikuwa na majina ya nani? Ya wale wenye kontra ya kweli. Tulikuwa na listi ya klasi ya kwanza na ya pili.

Kunyamaza si ruhusa

Kuko ajali ingine ya kutufaa, hii ya Ulaya, kwani kuna watu wanafikiri haya ni mambo ya umasikini wa Afrika. Tarehe 6 mwezi wa tatu 1987, meli ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, ikapinduka dakika chache baadaye mbele ya bandari. Watu 193 walikufa. Meli ilitoka na milango yake mikubwa ya mbele wazi, ile magari yanapitia, na maji yakaingia. Mfanyakazi wa kufunga milango alikuwa amelala baada ya kazi ndefu. Kapiteni juu hakuwa na namna ya kuona kama milango imefungwa. Desturi ya kazi ilikuwa hivi: kama hakuna mtu amekuja kusema kuko shida, basi hakuna shida.

Sasa musikilize vizuri. Makapiteni wa ile kampuni walikuwa wameshaomba taa ndogo, itakayowaonyesha kama milango imefungwa ao iko wazi. Wakubwa wa biro walijibu kwa mizaha. Taa moja.

Nani kati yetu hajaona hii? Unasema pompe ya maji ni mbovu, unaambiwa «tutaona». Unasema basi ya wafanyakazi haina breki nzuri, unaambiwa «weye unapenda kulalamika». Kisha unachoka, unanyamaza, na mukubwa anaandika kwenye ripoti: hakuna shida. Kwenye kazi ya hatari, kunyamaza kusihesabiwe kama jibu. Lazima mtu aseme kwa mdomo wake: nimefunga, nimehesabu, nimeona. Kama hajasema, tusiondoke.

Tunaomba nini

Kwa ninyi mtakaosafiri mwezi huu, tunaomba mambo machache.

Hesabuni kabla ya kulipa. Muulize mwenye boti ruhusa yake ni ya watu wangapi. Akishindwa kujibu, mmeshajibiwa.

Angalieni jile za kujiokoa. Hazifai kama zimefungwa kwenye gunia chini ya mihogo. Jile ivaliwe, na ya mtoto iwe ya kipimo cha mtoto.

Msipande usiku kama munaweza kungoja asubuhi. Ndani ya boti mukae, na mukikaribia kivuko mubaki mumekaa mpaka ifungwe. Mukumbuke Ukara.

Msikubali moto wa kupika karibu na mafuta. Mwezi wa nne 2025, karibu na Mbandaka, boti ya mbao HB Kongolo iliwaka moto, na habari zilisema ulianza wakati wa kupika. Zaidi ya watu 140 walikufa.

Na kila mtu, kabla ya kupanda, atume jina la boti, saa ya kutoka na idadi ya jamaa walio naye kwa mtu mmoja aliyebaki Kolwezi. Bamama, ninyi munaobaki, muombe ile habari. Mukiambiwa «unaniletea woga», mukubali kuitwa waoga.

Kwa wakubwa wa bandari na wa jimbo, tunaomba namba ya ruhusa iandikwe kwa rangi kwenye ubavu wa kila boti, kubwa, mama mwenye kubeba mtoto aione kutoka ng'ambo. Na listi iandikwe pale kwenye kivuko, nakala moja ibaki nchi kavu. Listi inayosafiri ndani ya boti inazama pamoja na boti.

Kwa kampuni, tunaomba ile ile. Kila zamu iwe na listi moja ya watu wote walioingia, wa kontra na wa sous-traitance pamoja, jina lote na telefone ya jamaa. Nakala ibaki mulangoni, ingine iende kwa delege. Atakayetoka afutwe. Jina likibaki usiku, kazi isimame mpaka mwenye jina apatikane. Pointaji iko, tunajua, lakini pointaji ya leo inahesabu masaa ya kulipa. Sisi tunataka ihesabu watu.

Kwa kooperative za wachimbaji wa mikono: daftari na kalamu hazishindi bei ya mfuko mmoja wa kobalti. Andikeni asubuhi, futeni jioni. Mutu mwenye kuogopa kuandikwa juu ya polisi, tuongee naye. Lakini ajue kwamba siku udongo utaanguka, hakuna atakayejua wapi pa kumchimba.

Na kwa sisi wenyewe wa sendika: tangu sasa listi yetu inaandika kila mtu tunayefanya naye kazi, ikiwa analipa koti ya sendika ao halipi. Delege ambaye hajui majina ya watu wa sous-traitance kwenye zamu yake, kazi yake hajaimaliza.

Tunajua watakachosema. Mwenye boti atasema: tukipunguza watu, bei itapanda, na masikini hatasafiri. Kampuni ndogo itasema: tukitangaza watu wote, tutakosa soko. Hatukatai kwamba pesa ni ngumu. Kamarade wetu wa kule kwenye kivuko alilipa: tikiti iliyopotea, siku mbili za njaa, na kilio cha mukubwa wake alikikosa. Usalama una bei, na mara mingi ni mtu mdogo anailipa peke yake huku wengine wanamcheka. Njo kazi ya sendika hiyo, ile bei isilipwe na mtu mmoja. Siku mmoja wenu atasema «iko mingi, mimi nashuka», wa pili na wa tatu washuke naye. Mwenye boti anaweza kucheka mzee mmoja. Watu makumi mbili waliosimama kwenye kivuko na pesa zao mkononi, hawacheki.

Ule mama wa Petit tunakutana naye bado sokoni. Alituomba kitu kimoja tu: tumwandikie kwenye karatasi jina la kampuni, tarehe, na jina lote la mtoto wake, na tuweke muhuri wa sendika. Tulifanya vile. Karatasi ile haina nguvu yoyote kwa biro. Anaitunza.

Safari njema kwa wote wanaokwenda. Mujiandikishe, muhesabiane, murudi.